Mkeka wa Ndiyo

Mwalimu Sekela aliacha kazi ya serikali kule Kinondoni kwa sababu ya fimbo. Alichoka kuamriwa kuchapa darasa zima kwa kosa la mtoto mmoja. Miaka ya tisini, watu binafsi waliporuhusiwa kufungua shule, mwalimu mstaafu, Mzee Leodegar, alijenga vyumba vichache Tegeta, njia ya kwenda Madale. Akatangaza kuwa kwake hakuna kiboko, na mambo ya shule yataamuliwa na watoto na walimu kwa pamoja. Sekela akawahi kuomba kazi. Mimi Mwajabu, mwalimu mwenzake, nilimfuata kwa sababu shule ilikuwa jirani na kwangu.

Kila Ijumaa kabla ya swala tulikuwa na baraza. Tulitandika mikeka miwili, mmoja wa ndiyo, mwingine wa hapana. Hoja ikishajadiliwa, kila mtu alikwenda kukaa kwenye mkeka wa uamuzi wake. Lilikuwa wazo la Sekela, naye alilipenda kupita kiasi. Lakini mtoto aliyefundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa hapingwi, atakaaje mkeka tofauti na mwalimu wake? Walikuwa wanasimama wakimtazama Sekela. Akikaa tu, wanamiminika alipo. Siku moja mkeka wa ndiyo ulipigwa na jua, Sekela akajisahau akaketi kwenye ule wa hapana, na shule nzima ikaikataa safari ya Bagamoyo ambayo watoto wenyewe waliiomba.

"Hivi nyie hamna vichwa?" akafoka.

"Tunavyo, mwalimu!" wakajibu kwa pamoja.

Kisha wakaja wazazi. Jabiri, muuza mbao, baba yake Raudha wa darasa la tano, ndiye aliyewasemea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema, na shule isiyo na fimbo si shule, ni uwanja wa mpira. Fimbo isiporudi, Januari wanawahamisha watoto wao. Mzee Leodegar akatokwa jasho, akaukwepa mzigo: baraza liamue, yeye atafuata.

Nikamwambia Sekela, "Dada, we kaa tu mkeka wa hapana. Watakufuata, kesi imekwisha."

"Hapo nitakuwa nimepiga kura peke yangu, Mwajabu."

"Nyie watu wa Mbeya mna vichwa vigumu!"

Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha. Ijumaa ile alisimama akaipinga fimbo kwa maneno mazuri kabisa, halafu akatuamuru walimu wote tutoke nje, watoto waamue bila macho yetu. Tukasimama nyuma ya tangi la maji. Raudha, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, akatufuata.

"Shikamooni. Tumemaliza. Fimbo irudi."

Sekela alishika ukingo wa tangi. "Nani kawatisha?"

"Hakuna, mwalimu. Ila baba kasema fimbo isiporudi ananihamisha. Na baba yake Talha hivyo hivyo. Sie hatutaki kuhama, hapa ndo pazuri."

"Pazuri kwa sababu hamchapwi, Raudha!"

"Ndiyo, mwalimu. Ndo maana tumepiga na kura ya pili. Fimbo ushike wewe peke yako. Mkeka wa hapana hajakaa mtu."

Sikujua nicheke au nilie. Miaka yote alitaka waamue bila kumtazama, sasa wameamua. Nilimsihi akatae. Akasema akikataa, baraza litakuwa mchezo wa kuigiza, nao watajua.

Jumatatu Mzee Leodegar akamkabidhi fimbo ya mpera, bado mbichi. Talha akachelewa. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe mbele ya darasa, akanyoosha kiganja.

"Unaona ni sawa nikuchape?" Sekela akamuuliza.

"Tulipiga kura, mwalimu."

Nilikuwa mlangoni. Nilimwomba Mungu Sekela aivunje ile fimbo, aitupe dirishani, afanye lolote. Akampiga mara moja, kidogo tu, hata nzi asingekufa.

"Asante, mwalimu," akasema Talha, kama alivyofundishwa shule aliyotoka, akarudi kukaa.

Sekela akaanza kulia palepale, fimbo mkononi. Watoto wale waliozoea kumtazama kwa kila jambo waliinamisha vichwa, wasimtazame.