Baba Alipohama Safu ya Kwanza

Baba alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Msikiti wa kijijini kwetu, upande wa Mtunda, haujai siku za kawaida, lakini hata Ijumaa ukifurika, nafasi yake nyuma ya imamu hakuna aliyeigusa. Basi siku moja nikamwona amesimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Ijumaa iliyofuata alitoka katikati ya hotuba, akatia udhu upya, akarudi, akatoka tena. Kufikia mfungo alikuwa anasalia nyumbani. Watu wakasema mzee miguu imechoka. Nami nikasema hivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mama ndiye aliyenifumbua macho. Alinifuata kwenye karakana yangu ya useremala pale Kibiti, akakaa juu ya mbao, akazungumza huku anatazama barabarani.

"Baba yako haja ndogo inamtesa. Anasimama weee, kinatoka kidogo tu. Juzi nimeona damu kwenye kikoi. Mtafute mtani wake."

Hakuniambia niseme naye mwenyewe. Nisingeweza, naye alijua. Mimi ni katika wale wa mwisho mwisho waliopelekwa jando la porini, tukakaa kumbini mpaka vidonda vikapona. Mengi ya kungwi nimeyasahau, lakini hili lilikaa: mwili wa baba yako, kuanzia kiunoni kwenda chini, haukuhusu. Huutazami, huutaji, huuulizii. Kazi hiyo ina wenyewe, nao ni wajukuu zake na watani zake.

Mtani wa baba ni mtoto wa shangazi yake, mzee aliyekuwa mkwezi wa minazi, mdomo wake haujui mlango. Nilimweleza yote. Akanisikiliza kwa makini, akasema, "Niachie mimi." Kesho yake alasiri akamkuta baba kwenye kibaraza cha duka, watu wanacheza bao, akaanza kwa sauti ya mnada: "Jamani, huyu bwana bomba lake limeingia kutu! Nimekuja kumpeleka kwa fundi. Asipokwenda, mkewe namchukua leo leo!"

Watu walicheka mpaka kete zikamwagika. Baba naye alicheka. "Mke utampeleka wapi," akamjibu, "wewe uliyeangushwa na mnazi mfupi?"

Kwetu, mtani akishakuchamba hivyo, unarudi nyumbani, unakaa peke yako, unauchambua ule mzaha na kutoa ukweli uliomo. Ndivyo watu wetu wanavyoambizana mazito bila kuvunjiana heshima. Baba aliwahi kuacha kuoa mke wa pili kwa mzaha wa namna hiyo. Safari hii alichukua kicheko tu, au alijifanya kuchukua kicheko tu, sijui. Nami nikajiona nimemaliza kazi. Ujumbe umefika, tena kwa njia yake. Hilo ndilo kosa langu, wala sina wa kugawana naye.

Wakati huo huo nilikuwa nahangaika kuwa mwanaume wa kisasa. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, Mkristo mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumapili jioni, alipanga chumba jirani na karakana yangu. Kila Jumamosi baada ya alasiri alitukusanya wanaume saba wanane kwenye baraza lake, akatufundisha namna ya kujijenga. Amka mapema. Oga maji baridi. Punguza soda. Fanya mazoezi. Mpe mkeo dakika kumi za kumsikiliza bila kushika simu. Wengine walikuja kwa ajili ya kahawa, lakini mimi nilishika kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaanza kukimbia alfajiri kwenye barabara ya vumbi kuelekea Dimani, na watu niliopishana nao wakanisimamisha kuniuliza msiba uko wapi. Kwetu mtu mzima hakimbii bure.

Jumamosi moja mwalimu akatupa kazi ya kufanya nyumbani. Alisema mwanaume hapimwi kwa kifua wala kwa ukimya, anapimwa kwa neno gumu analoweza kumwambia mtu anayempenda. Kila mmoja aende kwa mtu huyo, alitamke, arudi kutuambia. Neno langu nilikuwa nalijua. Nikalitunga vizuri, na kwa siku tatu nililifanyia mazoezi huku napiga randa: "Baba, najua unaumwa, najua unakojoa damu, kesho nakupeleka hospitali." Mbele ya mbao niliisema vizuri sana sentensi hiyo.

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na baba alikuwa bondeni, juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kuamia ndege. Nikapanda ngazi, nikamwamkia, nikakaa. Alikuwa ameshika kamba yenye makopo, kila kundi la ndege likishuka anaivuta. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Nikafungua kinywa.

"Baba," nikasema, "mpunga mwaka huu umestawi."

"Alhamdulillahi," akajibu.

Tukakaa. Baadaye akanipa kamba, akashuka, akaenda nyuma ya dungu. Nikageuza uso kutazama upande wa mto, kama nilivyofundishwa. Nilivuta kamba mara nne, mara tano, ndege wakaruka na kutua, naye bado hajarudi. Nilimsikia anaguna, mguno wa mtu anayenyanyua gunia. Nilikuwa na miguu miwili mizima na mikono yenye nguvu mpya ya mazoezi, na sikuweza kushuka ngazi ile. Aliporudi juu, jasho linamtiririka, alinitazama mwili mzima.

"Wewe umepungua," akasema. "Unaumwa?"

"Hapana, baba. Nafanya mazoezi."

"Usinifiche, mwanangu. Ukiumwa, sema."

Nikamwambia sifichi kitu. Kisha nikaaga.

Jumamosi mwalimu akauliza nani ametimiza. Nilinyoosha mkono. Mpaka leo sielewi kwa nini. Nikawasimulia nilivyopanda dungu, nilivyosema, baba alivyonyamaza kisha akakubali. Wanaume wakanipigia makofi, na mmoja, muuza mkaa, alifuta machozi akasema na yeye ataenda Ngarambe kumwona baba yake waliyenuniana miaka mingi. Alikwenda kweli, wakapatana. Uongo wangu ulimfaa yeye, baba yangu haukumfaa kitu.

Baada ya hapo nilijiambia nitasema tukishavuna. Tulipovuna, nikasema ngoja korosho zipite. Sikumrudia hata mtani kumwomba arudie, kwa sababu niliona aibu kukiri kwamba mara ya kwanza haikufanya kazi. Mama aliniuliza mara moja, "Vipi lile?" nikamjibu kwamba baba ameambiwa. Hakuuliza tena.

Siku mkojo ulipogoma kabisa, mama alipiga simu anapiga kelele. Tulimpakia kwenye bajaji mimi na mtani, yeye katikati yetu, tumbo limejaa kama ngoma, kila shimo la barabara anataja jina la Mola. Hospitali walimwekea mpira wa mkojo, akapata nafuu, akalala kidogo. Wakampima. Siku iliyofuata daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alituita pembeni ya kitanda. Alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba ni saratani ya tezi dume, kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, kwamba atatuandikia barua twende Dar, dawa zipo za kupunguza maumivu na kuuzuia usikimbie sana. Neno kupona hakulitaja.

Kisha akanigeukia mimi. "Nyumbani mlijua tangu lini?"

Mtani alikuwa anatazama sakafu. Nikatafuta pa kuanzia, nikajua kwamba safari hii lazima niseme, na kinywa nilikuwa nimeshakifungua.

"Huyu hajui kitu," baba akasema kutoka kitandani, kwa sauti ile ya safu ya kwanza. "Nilimficha. Usimuulize."

Alikuwa ananitazama usoni, na katika yale macho niliona kwamba alijua. Alijua tangu siku ya bao nani alimtuma mtani, na alijua nilifuata nini kule juu ya dungu. Alikuwa amenisubiri niseme.

Daktari akaandika. Akanishika bega, akasema pole, usijilaumu, wazee wetu ndivyo walivyo. Nikasema ahsante daktari.

Muuguzi akaja na beseni, akashika ncha ya shuka.

"Toka nje, mwanangu," baba akaniambia. "Wanataka kunifunua."

Mtani alibaki. Mimi, mtu wa miaka arobaini na mitatu, nikatoka.