Masikio ya Biira

Harufu ya kitunguu saumu kikiiva ndani ya mafuta bado hunirudisha Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, jikoni kwa bibi yetu. Wengine mkiisikia mnameza mate. Mimi humwona mdogo wangu Biira amelala ubavu mapajani mwa bibi, akitiwa mafuta hayo ya vuguvugu sikioni. Kila msimu wa mvua masikio yake yalitoa usaha, nasi tuliyachukulia kama mafua tu, mambo ya utoto.

Biira alichelewa kusema. Mama, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, alipoingiwa na wasiwasi, bibi alicheka. "Hata baba yake ilichelewa. Muache mutoto." Basi mimi, dada yake mkubwa, nikawa mdomo wake. Akivuta gauni langu hivi, anataka maji; akilivuta vile, kuku wa jirani ameingia tena ndani. Majirani walinisifu, nikavimba kichwa.

Shuleni mambo yaliharibika. Mwalimu alimwita mkaidi, akamkalisha nyuma kabisa. Watoto aliowazidi umri wakampita madarasa. Nyumbani akaanza kujitenga, akichora mavumbini kwa kijiti.

Siku moja sokoni, mama mmoja wa Kongo aliyeuza vitenge karibu nasi alimtazama Biira kwa muda mrefu. Kisha akaenda nyuma yake, akagonganisha sufuria mbili. Watu wote wakageuka. Biira aliendelea kujaza unga kikombeni.

"Mama Masika," akasema polepole, akimwita mama kwa jina langu, "huyu mutoto iko na akili muzuri. Ni masikio njo haisikie."

Mama alikasirika, akafunga biashara mapema, akaturudisha nyumbani. Lakini kesho yake tulipanda boda boda, sote watatu, hadi hospitalini Kisinga. Daktari alimpima, akasema sikio moja limekwisha, la pili linasikia kidogo sana.

"Mngemleta akiwa mdogo..." akaanza kusema daktari. Mama alimfunika Biira kichwa kwa leso yake, kama anayemkinga na mvua, ingawa jua lilikuwa kali.

Kifaa cha kusikilizia alikipata akiwa msichana mkubwa. Leo ni fundi cherehani mjini Kasese. Maneno yake ni machache na mazito, na wateja wamemzoea. Ana binti anayeropoka kutwa nzima, na Biira humwangalia mdomoni bila kuchoka.

Tulimpenda sote, hilo sina shaka nalo. Tulidhani mtoto akipendwa na kushiba, mengine yatakuja yenyewe.

Mwaka jana nilimuuliza anakumbuka nini cha utoto wetu. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Nilizani watu wanaongea na midomo tu," akasema. "Naangalia midomo yenu, naona nyinyi mumeelewa. Mimi, hapana. Nikasema basi, mimi niko mujinga."

Miaka yote ile tuliyomngojea aseme, alikaa katikati yetu akijiona mjinga, nasi hatukuwa na njia ya kumwambia sivyo.