Firigisi ya Mwenye Nyumba

Tangu mzee wangu afariki sikuwa nimechinja kuku. Majirani hapa Chwele walidhani nimeingiwa na uchoyo. Jogoo wangu alizeekea kazini, na nilikuwa na mitetea waliodumu kuliko ndoa nyingi za siku hizi. Ukweli ni kwamba sikujua firigisi ingekwenda kwa nani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Miaka yote nilimpakulia mume wangu juu kabisa ya nyama, naye akaila mbele yangu bila kunimegea hata kipande. Nilikuwa nikimnunia kidogo, lakini nilipenda kumpakulia.

Basi nikawa naishi kwa chai ya rangi na ugali wa jana. Magauni yakaanza kunipwaya. Kila jioni mwanangu alipiga simu kutoka Kitale.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Kwisha. Ni mtoto mzuri, lakini anauliza kama askari wa getini. Akishakata, nilibaki nasikia bati la paa likilia kwa baridi. Nilikuwa mpweke, na niliona haya kusema.

Shule zilipofungwa, binti yake aliye sekondari akaja kunitembelea. Alifunua sufuria zangu moja moja, akazifunika polepole.

"Shosho, hapa hakuna chakula bana. Kwani unakulanga nini?"

"Nimekula."

"Ati umekula? Si hata moto haijawaka leo!"

Nilimfokea. Nikamwambia kwao Kitale wanapikia gesi, moto ataujulia wapi. Alitoka uani, akamkamata yule jogoo mzee, akampelekea jirani amchinje.

Nyama ilichemka mchana kutwa, nasi tukaongea mchana kutwa. Aliniuliza babu yake alinitongozaje, na kama nilimpenda mara moja au alinichosha kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Niliongea mpaka sauti ikanikauka, hata habari ya firigisi ya mwenye nyumba nikamweleza.

Alipopakua, firigisi akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hiyo si yangu," nikasema.

"Si wewe ulisema ni ya mwenye nyumba? Sasa Shosho, mwenye nyumba hapa ni nani?"

Niliitafuna nikilia. Ilikuwa ngumu kweli. Maisha yangu yote sikuwahi kuionja, na ilikuwa tamu.

Alirudi kwao akiahidi kuja tena mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika nikachinjiwa kuku mwingine. Firigisi nikaikata katikati, nikala nusu, nusu nyingine nikamwekea, nikaifunika kwa sahani. Niliketi mlangoni hadi jua likazama.

Mwanangu akapiga. Mtoto ana masomo ya ziada, akasema, hakuweza kutoka.

"Mama, umekula?"

"Bado sijamaliza," nikasema. "Usikate simu. Kaa nami nikila."

Nilimsikia akivuta kiti. Nikafunua ile sahani, nikala nusu ya mjukuu wangu, nikimsikiliza baba yake akipumua.