Kidole cha Bibi

Nilipokuwa mtoto nilikatazwa kutazama ng'ombe, na aliyenikataza ndiye aliyenifundisha kuwatazama. Siandiki haya ili nimchafue bibi yangu. Hata hivyo siwezi kuyasimulia bila kumchafua kidogo, na sitajifanya kwamba jambo hilo linanikosesha usingizi.

Kwetu ni Bahi, upande ule wa mbugani, ambako mvua ikiwa nzuri watu wanalima mpunga na ikiwa mbaya wanabaki kutazamana. Sisi hatukuwa na mpunga. Tulikuwa na ng'ombe saba, na maziwa ya hao saba yalikuwa na mwenyewe, bibi mzaa baba. Yeye ndiye aliyekamua, yeye ndiye aliyejaza vibuyu, na yeye ndiye aliyeamua leo nani anakunywa na nani asubiri yagande. Mama yangu alisonga ugali wa uwele na kupika mlenda kila siku ya Mungu, lakini hakuwahi kushika kibuyu bila kuomba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mkwe hupewa vibuyu siku mama mkwe anaposhindwa kukamua, na akishapewa havirudi tena. Mama alikuwa amengoja miaka kumi na moja. Bibi alijua kwamba anangoja.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ndama. Alfajiri bibi ananigonga begani na kusema, "Amka, mke mwenzangu. Mume wetu katuachia ng'ombe, twende tukawaamkie." Mume wetu ni babu, aliyekufa nikiwa na miaka minne. Kabla hajafa alinitajia ndama mmoja mwenye doa jeupe usoni, akasema huyu ni wa mjukuu wangu. Tukamwita Kidoti. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa na Kidoti alikuwa amezaa mara ya kwanza.

Bibi alinifundisha vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kabla ya kushika, tazama, alisema. Tazama kiwele kimening'inia sawasawa au kimevimba upande mmoja, tazama ng'ombe anavyotupa mguu. Alinifundisha na miiko. Ng'ombe hawahesabiwi kwa kuwaoneshea kidole. Kamba ya ndama hairukwi. Na mwenye kidonda mkononi hakamui, hata kama kachomwa na mwiba tu, kwa sababu kidonda cha mtu humwita mwenzake kwenye kiwele. Mwiko huo ndio aliourudia kuliko yote. Shangazi aliwahi kuja kututembelea na jipu kwenye kiganja, na bibi hakumruhusu hata kuingia zizini.

Kisha bibi akapata mdudu wa kidole.

Ulianza kama uvimbe mdogo pembeni ya ukucha, kidole cha shahada, mkono wa kulia. Siku ya tatu kilikuwa kinang'aa. Alikifunga kitambaa, na wakati wa kula alikificha ndani ya khanga na kula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo angenichapa kama ningelifanya mimi. Baba na mama hawakuona. Mimi niliona, kwa sababu zizini ilibidi akifungue. Asubuhi moja aliketi kando ya Kidoti, akakifungua kile kitambaa, usaha ukatoka. Akapangusa kidole kwa kitambaa kilekile tulichofutia viwele. Akanitazama.

"Mke mwenzangu, umeona?"

"Nimeona, bibi."

"Hujaona."

Nikacheka, naye akacheka. "Sijaona," nikasema. Nilijisikia mtu mzima. Nilikuwa na siri na bibi, na hakuna aliyenilazimisha kuitunza; niliitunza kwa sababu nilimpenda. Akaanza kukamua, anauma meno kwa maumivu, na mimi nimeshika ndama.

Baada ya siku tatu nne hivi Kidoti alivimba kiwele upande wa nyuma. Kilikuwa cha moto ukikigusa, kigumu. Maziwa yalitoka na mabonge, na kesho yake yakatoka ya rangi ya waridi. Alipiga teke mpaka kibuyu kikamwagika. Nakumbuka nilimtazama bibi nikingoja aseme. Sikuwa nangoja akiri mbele ya watu, nilingoja tu anitazame kama siku ile. Aliinama akaokota kibuyu.

Jioni hiyo baba alirudi na ng'ombe kutoka malishoni, akakipapasa kiwele cha Kidoti, akauliza kuna nini hapa. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Bibi hakukawia kujibu.

"Huyu mtoto ana jicho," alisema. "Kila siku anakitumbulia macho kiwele, anakisifu. Kidoti ana kiwele kikubwa kuliko wote, Kidoti ana kiwele kizuri. Nimemwonya nimechoka."

Hakuwahi kunionya. Lakini ni kweli nilikisifu. Ndiyo maana uongo ule ulinikaba sana, ulikuwa na kipande changu ndani yake. Nilimtazama baba, nikamtazama mama. Mama alinitazama, halafu akatazama mkono wa bibi ndani ya khanga, halafu akarudi jikoni. Mpaka leo sijui aliona nini. Nilipomfuata akanifuta uso kwa upindo wa khanga yake na kusema, "Nyamaza tu, mwanangu, itapita."

Kesho yake asubuhi walinisimamisha mbele ya lango la zizi. Bibi alikuwa ameloweka majivu na majani fulani kwenye bakuli. Baba alinishika shingo kwa nyuma, si kwa nguvu, na bibi akaninawisha macho mara nne kwa mkono wa kushoto. Majivu yanachoma. Kisha akaniambia maneno ya kusema.

"Sema: nilitazama, sikukusudia."

Nilikuwa na maneno mengine mdomoni. Kidole. Neno moja tu, na vibuyu vingehamia kwa mama siku hiyohiyo. Nilimtazama bibi kwa macho yanayowasha, na yeye alikuwa ananitazama kwa hofu ambayo sikuwa nimewahi kuiona usoni mwake. Nikamwonea huruma. Mtoto wa miaka tisa, nimesimama nimelowa majivu, namwonea huruma yeye.

"Nilitazama," nikasema. "Sikukusudia."

Bibi akachukua maji yaliyobaki, akachovya kile kitambaa chetu cha siku zote, akafuta viwele vyote saba kuondoa jicho langu. Alianza na Kidoti. Mwezi haukuisha wakawa wamevimba wengine watatu. Mimi wakati huo nilishakatazwa kukaribia zizi, nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba na kusikia tu maziwa yakilia kwenye kibuyu, lakini hilo halikunisaidia. Walisema jicho lilikuwa limeshaingia. Kila ng'ombe aliyeugua alikuwa shahidi mwingine dhidi yangu.

Majirani wakaanza kufunika sufuria za maziwa nikipita. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja aliniambia tu, bila ubaya, kwamba mama yake amemkataza kunipitisha nyuma ya nyumba yao kwa sababu wana mbuzi wenye mimba. Kidoti alikauka chuchu mbili, ndama wake akakonda akafa, na mwisho baba akamswaga mnadani. Sikuruhusiwa kumuaga. Nililiona vumbi lake tu. Kidole cha bibi kilipona chenyewe, kimepinda, na vibuyu aliendelea kuvishika miaka mingine sita.

Nilisomea mifugo. Watu wananiuliza kwa nini, nawaambia nilipenda tangu utotoni, na si uongo. Darasani siku moja mwalimu alikuwa anaeleza ugonjwa wa kiwele, akasema bakteria wake wengine wanaishi kwa watu pia, kwenye majipu na vidole vyenye usaha, na kwamba wanavuka kwa mkono wa mkamuaji, kisha kitambaa kimoja kinawagawa zizi zima. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Kilichonitoa nje hakikuwa ujinga wa bibi. Bibi hakuwa mjinga. Hakuwajua bakteria, lakini alijua kidonda humwita mwenzake, alinifundisha mwenyewe. Watu wakinihurumia wanadhani nilionewa na imani za zamani. Imani ya kidonda ilikuwa sahihi. Aliyenionea ni mtu, na alijua.

Sasa bibi anaishi kwangu, Nzuguni, huku mjini. Mama alitangulia, baba naye, nimebaki mimi. Nafanya kazi kwa watu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Napima maziwa kwa dawa kwenye sahani, nawafundisha kila ng'ombe na kitambaa chake. Wanasema mimi ni mtaalamu mwenye aibu, maana nikipiga magoti kando ya ng'ombe huwa nakipapasa kiwele kwanza huku nimegeuza uso. Najua jicho halipo. Uso unageuka wenyewe.

Jumapili iliyopita nilikuwa namkata bibi kucha uani. Nilipofika kwenye kidole kilichopinda nikasimama.

"Hiki kilikuwaje, bibi?"

"Mdudu."

"Lini?"

Alikivuta kidole, halafu akakiacha mkononi mwangu. Kisha akasema, "Mtoto akiambiwa ana jicho, atakua, watu watasahau. Mimi vibuyu vingetoka, ningebaki kuomba maziwa kwa mama yako."

"Hawakusahau, bibi."

Akaupapasa mkono wangu kwa kile kidole. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini aliyainua kwangu, na kwa sauti ileile ya zizini akasema, "Mke mwenzangu, kwani uliona?"

Nilielewa anachoomba. Alikuwa ananirudishia siri yetu ili niitunze tena, na tucheke, na yaishe. Ningeweza. Namlisha, namuogesha, namfulia, na sifanyi hayo kwa chuki. Lakini yule mtoto mwenye majivu machoni hana mtu mwingine wa kumsemea zaidi yangu, na siku ile langoni alikuwa peke yake.

"Niliona, bibi," nikasema.

Alingoja kidogo, kama anayengoja nimalizie. Sikumalizia. Nikashika kidole kile, nikakikata ukucha taratibu nisimuumize.