Kaburi Kando ya Kijito

Shangazi yangu alinyang'anywa kaburi la mumewe kwa fumbo la darasani. Kaburi halikuguswa. Kilichohamishwa ni mpaka.

Fumbo lenyewe nilifundishwa shuleni Rubya, zama za Mwingereza, na nililipenda. Ndugu wawili wamesimama njia panda. Mmoja husema kweli daima, mwingine husema uongo daima, nawe hujui yupi ni yupi. Unamuuliza yeyote: "Nikimuuliza mwenzako njia ya nyumbani, atanionyesha ipi?" Kisha unafuata ile nyingine. Halikosei, mradi mmoja awe mwongo kweli.

Karani wa baraza letu, upande wa Muleba, naye alilisoma. Shemeji wa shangazi alidai kwamba kibanja cha marehemu kaka yake kiliishia nyuma ya nyumba, hivyo migomba ya bondeni, pamoja na kaburi, ni mali yake. Milamula, ile miti myembamba tunayopanda mpakani, ilikuwa imeng'olewa. Kwetu mwenye kaburi ndiye mwenye kibanja. Bila kaburi, shangazi angebaki mgeni nyumbani mwake. Wakaitwa majirani wawili walioona milamula ikipandwa: mzee wa kanisa, na mlevi aliyenuka rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi.

Karani alikuwa akitafuna buni alizoletewa na shemeji. Buni ni heshima ya mgeni, lakini pale mgeni alikuwa nani? Akatema makapi karibu na miguu ya shangazi.

"Hapa yuko mkweli na yuko mwongo," alisema. "Sina haja ya kujua yupi ni yupi." Akamgeukia mlevi. "Nikimuuliza mwenzako mpaka ulikuwa wapi, atasema wapi?"

"Atasema kando ya kijito, waitu, bondeni kupita kaburi. Nami nasema hapo hapo," akajibu, akimwita waitu kwa adabu, kama tunavyomwita mkubwa.

"Sikukuuliza wewe unasema nini."

"Basi muulize yeye, waitu. Si huyo amekaa?"

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa, alipoulizwa vivyo hivyo, naye akajibu kando ya kijito.

"Mmesikia," karani akasema. "Basi ukweli ni kinyume. Mpaka uko nyuma ya nyumba."

Nilisimama, mimi niliyetoka Bilele, Bukoba mjini, kwa ajili ya kesi hiyo. "Waitu, hakuna mwongo hapa. Wote wawili wamesema kweli."

"Keti, bwana wa Bilele. Mlevi na mkweli wapi na wapi?"

Wakapiga makofi. Walikuwa wale wale waliokula ndizi za shangazi siku za matanga, na vidole vyao nilivikumbuka vikiwa na mafuta.

Shangazi alingoja makofi yaishe. "Kwa hiyo ningeleta mwongo mmoja, ningeshinda?"

Karani aliita kesi iliyofuata.

Tulikata rufaa, ikapokelewa Bukoba mjini. Shemeji akapanda milamula mipya nyuma ya jiko. Shangazi alipotaka kupalilia kaburi alimwomba ruhusa kwanza, na mara nyingine alikataliwa. Jibu la Bukoba lilikuwa bado halijafika.