Pilipili Iliyotaka Kumharibia Mama Jina

Pilipili mbuzi ikikatwa, harufu hutangulia ukali: tamu kidogo, kama ganda la limau lililosuguliwa kiganjani. Ndiyo harufu ya mikono ya mama nilipokuwa darasa la nne. Alikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga pale Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, na nyuma ya nyumba alipanda mistari miwili ya pilipili hiyo, akiimwagilia maji yaliyooshewa samaki. Aliikatakata pamoja na nyanya, kitunguu na chumvi, kisha akaweka kijiko kimoja tu pembeni mwa ngege, yaani tilapia wa ziwani. Mteja akitaka zaidi kabla hajala, mama alimwambia aonje samaki kwanza. Katika hilo hakubembelezeka.

Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, aliiona hiyo ni pilipili ya watoto. Mvua zilipoanza alirudi kutoka Sondu na miche ya pilipili kichaa, ile ndogo ndogo inayoelekeza ncha juu, akaipanda bila kuuliza mtu. Ilipozaa, akaisaga mwenyewe na kuipeleka kibandani. “Nyar Katito,” alimwambia mama, yaani binti aliyetoka Katito, “sasa watu watakula.” Na kweli walijaa. Vijana wa bodaboda walikuja kushindana, machozi na kamasi zikiwatiririka, wakichekana na kuitisha maji. Mimi niliyebeba hayo maji niliona ni sherehe tupu. Samaki walimezwa tu, hakuna aliyesema ni watamu.

Halafu mchana mmoja Mzee Odero, mchonga mitumbwi aliyekuwa akila kwetu tangu kibanda kifunguliwe, akaisukuma sahani yake. “Mama Achieng’,” alisema, akimwita kwa jina langu, “pilipili kali hivi ni ya kufunika kitu. Huyu samaki ni wa lini?” Samaki alikuwa wa asubuhi ile ile, mama mwenyewe alikuwa amemfuata ufukweni kabla jua halijatoka. Lakini utamthibitishiaje mtu ambaye ulimi wake unawaka moto? Kufikia jioni, soko zima lilikuwa likisema Mama Achieng’ anauza samaki wa jana. Kesho yake viti vilibaki vitupu. Niliogopa sana, maana hatukuwa na kitu kingine. Tulikula kwa sababu watu waliamini samaki wake ni wa leo.

Mama hakugombana na mtu. Asubuhi iliyofuata aliondoa mkebe wa baba mezani, akaondoa hata pilipili yake mwenyewe, akakaanga ngege kwa chumvi tu, mbele ya wapita njia. Kisha akanituma nimwite Mzee Odero. Mzee alikula polepole, akafyonza kichwa mpaka ikabaki mifupa, watu wakimtazama. “Nilikosea, Mama,” alisema akilamba vidole. “Ongeza mwingine. Na uniletee ile pilipili yako ya zamani.” Baba alihamishia kichaa chake karakana, akawa anakula huko peke yake, akilia kwa raha zake.

Siku hizi naishi mjini Kisumu, na wanangu wananiletea chupa za pilipili zenye picha ya fuvu, kisha wanajirekodi kwa simu wakihema. Hoteli nyingine samaki wake wametoka kwenye friji, wamesafiri zaidi kuliko mteja, nami naelewa kwa nini chupa hufika mezani kabla yao. Sinung’uniki. Ninayo miche yangu ya pilipili mbuzi kwenye ndoo hapo nje, na Jumamosi najichagulia ngege ufukweni, naye mama huja kula. Miaka yote amekuwa akionja kipande kitupu kwanza, anatafuna akiangalia ukuta, nami nasubiri kama mtoto anayesahihishiwa daftari. Mwezi uliopita alinawa, akaketi, akachota pilipili na kumpaka samaki mzima kabla hajamwonja. Nilifurahi: aliamini samaki wangu ni wa leo.