Wale Watoto wa Nguvu, Bila Mtafsiri

Jumamosi, tarehe tano Julai. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujainuka. Tangawizi niliyoanika juzi nimeirudisha ndani ikiwa mbichi vile vile.

Kwa kuwa nje hakukuwa na kazi, binti yangu alichomeka flashi kwenye televisheni akasema leo tunawaangalia wale watoto wa nguvu tangu mwanzo. Yuko likizo, anasoma bweni Same mjini, na flashi kaipata kwa mwenzake. Mara ya kwanza tuliiangalia tamthilia hii akiwa darasa la pili. Ni wanafunzi wa sekondari, wa Ulaya huko, kila mmoja na kitu chake: mmoja anapita ukutani, mmoja anasikia moyo wa mtu ukidunda upande wa pili wa mji, na msichana mmoja anaruka. Baba yake ndiye aliyeileta, pamoja na televisheni na sola. Betri ikizima katikati, tulikuwa tunakaa gizani tunabishana nani atapona.

Huyo baba yake sasa yuko Maore, kule tambarare chini ya milima yetu. Alishuka kulima mpunga, na huu ni msimu wa tatu hajapanda mlima kurudi. Watu wanasema ana mji mwingine kule, yaani mke mwingine. Mimi sijaenda kuona, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni kweli. Hela ya shule anatuma, hilo lazima niliseme. Watu wakiniuliza, jibu langu limekuwa moja: alisema anarudi.

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, ninakaa naye hapa. Alipoisikia televisheni akaja na kigoda chake. Hakumaliza hata dakika chache akauliza:

"Mbona yule baba haongei leo? Wamemkata ulimi?"

Yule baba ni mtafsiri. Flashi yetu ya zamani, iliyokufa, ilikuwa na sauti ya mwanamume mmoja aliyeongea juu ya kila mtu, wanaume, wanawake, mpaka mbwa. Wakipigana anashangilia. Wakilia anawapa pole. Sisi tulimzoea kama mtu wa nyumbani.

"Hii ni orijino, bibi. Haijatafsiriwa. Nitawatafsiria mimi."

"Wewe mwenye D ya Kiingereza?"

"C, bibi!"

"Haya, mwenye C. Tuambie huyo mwenye nywele kama katani anataka nini."

Tukacheka. Nilikuwa na furaha kwa kweli, sitaki ionekane siku nzima ilikuwa mbaya. Nilishangaa jinsi wale watoto walivyo wadogo. Zamani niliwaona watu wazima, leo naona chunusi. Yule anayepita ukutani anaogopa mtihani kuliko maadui. Labda zamani sikuangalia vizuri, nilikuwa nasikiliza tu.

Halafu ikafika pale mwisho wa sehemu ya pili. Msichana anayeruka anamwacha mdogo wake kituo cha basi, mvua inanyesha. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, kwa sababu hapo ndipo anaposema, "Nisubiri hapo hapo, sikawii." Maneno hayo yalikuwa ya nyumba yetu. Mume wangu akienda shamba, "Nisubiri hapo hapo, sikawii." Mtoto akienda chooni, hivyo hivyo. Hata bibi akienda kanisani.

Msichana akamwangalia mdogo wake. Akamwangalia muda mrefu. Akaruka.

"Kasemaje?" bibi akauliza.

"Hajasema kitu."

"Rudisha nyuma. Hujui Kiingereza wewe."

Akarudisha. Mvua, macho, kisha msichana hayupo. Mdomo haukufunguka. Akarudisha tena, maana na mimi nilimwomba, na bado mdomo haukufunguka. Yule mtafsiri aliona kimya kirefu, akakijaza. Simlaumu. Nadhani alituhurumia sisi watazamaji.

Binti yangu akaisimamisha pale pale. Akawa ananiangalia mimi badala ya televisheni.

"Mama, na baba? Yeye alisemaje siku ile?"

Siku ile niliikumbuka yote. Lori la tangawizi lilisimama pale barabarani, akapandisha jembe, akapandisha na godoro. Nililiona godoro, nikajiambia Maore kuna mbu na sakafu ni mbaya. Akapanda nyuma juu ya magunia. Akaniangalia. Muda mrefu, kweli, mpaka utingo akagonga bodi lori likaondoka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mtoto, baba kasema tumsubiri, hakawii. Sijui niliyasikia wapi. Nafikiri niliyasikia kabisa, kwa sauti yake. Ninaandika hivi bila uhakika, lakini yeye hakudanganya mtu, hilo nina uhakika nalo. Miaka yote hii nilikuwa namdai neno ambalo hakulitoa.

"Hakusema kitu," nikamwambia.

"Hata sikawii?"

"Hata hiyo."

Hakulia. Alivuta kitenge changu miguuni akajifunika nacho, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Afadhali angenigombeza.

Bibi akageuza kigoda chake akanielekea. Baadaye akasema taratibu, "Mimi alikuja kuniaga jikoni. Alinishika mkono tu. Nikasema si kitu, mkewe atakuwa amemwambia."

"Na mimi nilijua wewe atakuwa amekuambia, mama."

"Basi," akasema. Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Zima hiyo kitu. Au endelea. Huyo mtoto wa kituoni, wanakuja kumchukua?"

"Sikumbuki, bibi."

Tukaendelea, hatukuwa tukiangalia sana. Giza lilipoingia ukungu ulikuwa bado umeshika madirisha.

Tumekula makande na parachichi. Nilipakua kama kila siku, na sehemu ya baba nikaiweka kwenye bakuli lake na kulifunika, mkono ulienda wenyewe. Binti yangu aliliangalia bakuli. Bibi alipomaliza akasogeza sahani yake kuomba nyongeza. Nikafunua bakuli, nikampakulia kutoka humo, kilichobaki tukagawana mimi na mtoto.